Gredi ya 7 Nairobi: jinsi ya kuchagua sekondari msingi ya umma wakati madarasa yanafurika

Mtoto wako akimaliza Gredi ya 6 katika shule ya umma hapa Nairobi, hakuna barua ya mwito itakayomfikia. Ule mshikemshike wa kungoja kujua ameitwa shule gani ulikuwa wa KCPE, ule mtihani wa darasa la 8, na KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023. Siku hizi anafanya tathmini ya kitaifa ya KPSEA mwishoni mwa Gredi ya 6, anapumzika likizo ndefu, kisha Januari anaingia Gredi ya 7 katika ua uleule aliosomea tangu utotoni. Sekondari msingi, au JSS kama tunavyoiita sote, iliwekwa ndani ya shule za msingi kufuatia mapendekezo ya jopo lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu, na kundi la kwanza likaingia mwanzoni mwa 2023.

Kwa kuwa mambo yanajiendea yenyewe, wazazi wengi hawakai chini kuamua lolote. Wanashtuka mtoto akiwa Gredi ya 8. Wakati huo ndipo wanatambua kwamba nafasi ya sekondari pevu, inayoanza Gredi ya 10, inategemea hesabu hii: KPSEA asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na mtihani wa KJSEA wa Gredi ya 9 asilimia 60. Yaani asilimia 80 inatafutwa palepale utakapompeleka Gredi ya 7. Na njia tatu zinazomngoja Gredi ya 10, yaani STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi za Jamii, na Sanaa na Michezo, zinafunguka au kufungwa kulingana na alichofundishwa miaka hiyo mitatu.

Upande wa pili kuna msongamano. Shule iliyojengwa kuhudumia darasa la 1 hadi la 8 sasa inabeba chekechea, Gredi ya 1 hadi ya 6, na juu yake Gredi ya 7, 8 na 9, na ardhi haijaongezeka hata futi moja. Wakati huohuo magorofa yanazidi kupanda Pipeline, Zimmerman na Roysambu, mitaa ya Utawala na Ruai inajaa familia changa, na wazazi walioelemewa na karo za shule za kibinafsi wanawarudisha watoto shule za umma. Serikali ilijenga madarasa ya Gredi ya 9 kabla ya kundi la kwanza kufika huko 2025, na yamesaidia, lakini mitaa mingine ya jiji inajaa haraka kuliko matofali yanavyopangwa.

Nitasema msimamo wangu mapema ili ujue ninakokuelekeza: usichague shule kwa sifa zake za zamani. Chagua kwanza kwa walimu waliopo, pili kwa nafasi darasani, tatu kwa njia ya kwenda na kurudi. Shule nyingi za umma zenye majina makubwa Nairobi zilijenga majina hayo kwa matokeo ya KCPE. Walimu waliofanya kazi hiyo walikuwa walimu wa msingi, na wengi wao bado wako Gredi ya 1 hadi ya 6. Walimu wa JSS kwa sehemu kubwa ni kundi jingine, lililoajiriwa kivyake kuanzia 2023. Jina linalovuma halikuambii chochote kuhusu anayefundisha Hisabati Gredi ya 8 leo, ila linakuhakikishia jambo moja, kwamba wazazi wengine wengi wamelisikia pia na wako kwenye foleni.

Hatua ya 1: Anza muhula wa pili wa Gredi ya 6

Si Januari. Ukifika Januari utakuta wazazi wamejaa kwenye benchi nje ya ofisi na mwalimu mkuu hana muda wa kukusikiliza dakika mbili. Muhula wa pili wa Gredi ya 6 ndio wakati mzuri, kwa sababu kufikia hapo shule inajua ina watoto wangapi watakaopanda na itakuwa na mikondo mingapi mwaka unaofuata.

Uliza maswali mawili kwa pamoja: Gredi ya 6 mna wanafunzi wangapi sasa, na mwakani mtakuwa na mikondo mingapi ya Gredi ya 7? Hapo utafanya hesabu mwenyewe. Shule yenye watoto 160 katika mikondo mitatu ya Gredi ya 6, ikipanga mikondo miwili tu ya Gredi ya 7 kwa sababu vyumba vimeisha, itaweka watoto 80 katika kila chumba hata kabla ya kumpokea mgeni mmoja. Uliza swali hili hata katika shule ambayo mtoto wako yuko tayari. Wazazi wengi hudhani idadi ya darasa la mtoto itabaki ilivyo, kumbe mikondo huunganishwa wanapovuka kwenda JSS.

Hatua ya 2: Andika shule zinazofikika, si unazozitamani

Kanuni za elimu ya msingi za 2015 zinasema masomo ya shule za kutwa ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, michezo na vyama hadi saa kumi na moja kasoro robo, na mtoto asilazimishwe kufika kabla ya saa moja na robo. Mchukulie huyo mtoto wa miaka 12 na uhesabu kurudi nyuma. Ikiwa ni lazima aondoke nyumbani saa kumi na moja asubuhi ili aiwahi shule ya ndoto yako, ifute kwenye orodha. Mtoto anayesinzia kipindi cha kwanza kila siku kwa miaka mitatu hafaidiki na shule nzuri.

Kuna jambo la Nairobi ambalo wazazi hulisahau. Asubuhi msongamano unaelekea mjini, jioni unatoka mjini. Ukiishi Donholm na shule iko upande wa Embakasi au Utawala, mtoto anasafiri kinyume cha foleni: matatu inakwenda nusu tupu na anapata kiti. Shule iliyo umbali uleule kuelekea mjini kupitia Jogoo Road ni safari nyingine kabisa, tena siku ya mvua nauli inapanda na makondakta wanawaruka watoto wa shule kwa sababu wanalipa kidogo. Kwa hiyo angalia pia shule zilizo nje zaidi kuliko nyumbani kwako. Mara nyingi hizo ndizo zenye nafasi.

Kwa mtoto wa kutembea, ipite njia mwenyewe saa atakayoipita. Tazama atavuka wapi Outering Road au Thika Road, kama daraja la waenda kwa miguu liko karibu kiasi cha kumfanya alitumie kweli, na kama njia ya mkato anayoipenda inapitia kando ya mto mvua ikinyesha.

Shule tatu au nne zinatosha kwenye orodha, na moja iwe ile aliyomo sasa.

Hatua ya 3: Hesabu walimu

Hatua hii ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo wazazi wanayoiruka kwa kuogopa kuonekana wachokozi. Si uchokozi. Unamkabidhi mtu mtoto wako.

JSS ina masomo 9: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hisabati, Sayansi Jumuishi, Elimu ya Kijamii, elimu ya dini, Kilimo na Lishe, ufundi wa awali, na Sanaa Bunifu na Michezo. Kila darasa lina takriban vipindi 40 kwa wiki, vya dakika 40 kila kimoja. Shule yenye mkondo mmoja kwa kila gredi ina madarasa matatu, yaani vipindi 120. Mwalimu akibeba vipindi 27 kwa wiki, mzigo wa kawaida wa mwalimu wa sekondari, shule hiyo inahitaji walimu 5 ndipo kila kipindi kiwe na mwenyewe. Mikondo miwili ni vipindi 240, walimu 9. Mikondo mitatu ni vipindi 360, walimu 14. Shika namba hizo kichwani unapoingia ofisini: 5, 9, 14. Ukiambiwa shule ya mikondo mitatu ina walimu 7 wa JSS, umeshaelewa kwamba karibu nusu ya vipindi vinajazwa kwa kubahatisha, na hakuna rangi mpya ya lango itakayobadilisha hilo.

Idadi peke yake haitoshi, kwa sababu walimu hawa wamesomea masomo mawili kila mmoja. Shule inaweza kuwa na walimu 9 na sita kati yao wawe wa lugha, historia na dini, ilhali Sayansi Jumuishi, inayochanganya fizikia, kemia na biolojia, inafundishwa na mwalimu aliyeacha kemia akiwa Kidato cha Pili. Si kosa lake, amepangiwa. Lakini mtoto anayetaka STEM ataumia. Kwa hiyo usiulize tu "mna walimu wangapi?" Uliza somo kwa somo, hasa Hisabati, Sayansi Jumuishi na ufundi wa awali. Swali linaweza kutoka hivi: "Mwalimu, Sayansi Jumuishi ya Gredi ya 8 inafundishwa na nani, na chuoni alisomea masomo gani?"

Sikiliza jibu kwa makini. Naibu anayesema, "Ni Madam fulani, yeye ni wa Biolojia na Kemia, na upande wa fizikia anasaidiwa na mwalimu wa Hisabati," huyo anaijua shule yake. Anayesema, "Mzazi, walimu wetu wote ni waliohitimu, usijali," hajakujibu. Rudia swali kwa heshima. Na yule anayekwambia waziwazi, "Hatuna wa ufundi, tumeandikia TSC, kwa sasa anasaidia yule wa Kilimo," mimi humwamini kuliko wote, kwa sababu mwakani ukirudi na swali jingine atakujibu ukweli pia.

Uliza vilevile ni wangapi walioajiriwa na TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu, kwa kudumu, wangapi ni wanagenzi, na wangapi wameajiriwa na bodi ya shule. Wanagenzi wa JSS walianza kwa posho ndogo sana, na 2024 waligoma kwa wiki kadhaa wakidai ajira ya kudumu. Wengi wao waliipata Januari 2025. Mwalimu wa bodi anaweza kuwa bora kuliko wote, ila mshahara wake unatoka kwenye mfuko wa shule, na mfuko ukikauka ndiye wa kwanza kuondoka, katikati ya muhula, na somo lake linabaki bila mtu.

Hatua ya 4: Itembelee shule siku ya kawaida

Siku ya wazazi kila kitu kimepigwa deki. Nenda Jumanne au Jumatano, saa nne hivi, ukiomba ruhusa langoni kama inavyopasa. Ukiambiwa mzazi wa nje haruhusiwi kuona darasa, omba miadi. Ukinyimwa na miadi pia, andika hilo kwenye daftari lako.

Darasani hesabu madawati, halafu hesabu vichwa kwenye dawati moja. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na wizara 2008 unasema chumba cha kawaida cha mita 7.5 kwa 6 kikae watoto wasiozidi 40 kwenye madawati ya watu wawili. Nairobi hutaipata 40 katika shule nyingi za umma, na sitakudanganya kwamba uisubiri. Jambo la kutazama ni kama mwalimu anaweza kupita katikati ya madawati. Akikwama mbele ubaoni kwa kuwa hakuna njia, daftari la mtoto wa nyuma halionwi na mtu.

Sasa omba kuona daftari. Hili ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote, na halikuchukui dakika tano. Omba daftari la Sayansi Jumuishi la mtoto yeyote wa Gredi ya 8, si lile la mwanafunzi bora analokuletea naibu. Fungua katikati. Kwenye shule inayofundisha kweli utaona jaribio lililofanywa: mchoro wa penseli wenye mkono wa mtoto, jedwali la alichokiona, namba ambazo si safi, labda doa la maji, na chini yake maneno ya mwalimu kwa wino mwekundu yakimwambia arudie kipimo. Kwenye shule nyingine utaona kurasa kumi zilizonakiliwa ubaoni neno kwa neno, mchoro uleule kwa mtoto huyu na kwa jirani yake, na alama ya tiki moja kubwa inayokata ukurasa mzima. Hiyo tiki ilipigwa bila kusoma. Tazama pia tarehe: ukiona wiki tatu zimerukwa, hapo palikosa mwalimu.

Maabara kamili ni nadra katika JSS za umma, kwa hiyo usiiondoe shule kwa kuikosa. Uliza wanafanyia wapi majaribio, na uombe kuona vifaa. Kabati moja lenye darubini, bika, chupa zilizobandikwa majina na jiko dogo la gesi, likiwa limetumika, linafaa kuliko chumba kilichoandikwa "Maabara" ambacho funguo zake hazijulikani ziko kwa nani.

Vyoo: kiwango cha Kenya ni choo kimoja kwa wasichana 25 na kimoja kwa wavulana 30. Kwa JSS suala hili lina uzito wa pekee, kwa sababu msichana wa miaka 14 anashiriki ua na watoto wa chekechea. Uliza kama wasichana wakubwa wana vyoo vyao, kama milango inafungika kwa ndani, na maji yanapatikana siku ngapi kwa wiki. Tangu 2017 sheria inaitaka serikali kuwapa wasichana wa shule za umma sodo bila malipo, kwa hiyo uliza pia nani anazigawa na mtoto akizihitaji ghafla anamwendea nani. Baba asione aibu kuuliza haya.

Uwanja nao. Sanaa Bunifu na Michezo ni somo linalotathminiwa, na Nairobi inajua vizuri jinsi viwanja vya shule vinavyomezwa. Januari 2015 watoto wa Lang'ata Road Primary walirushiwa vitoa machozi wakiandamana kuukomboa uwanja wao uliokuwa umezungushiwa ukuta. Ukikuta nusu ya uwanja imekuwa maegesho au madarasa ya mabati, uliza michezo inafanyiwa wapi.

Na kama unapima pia shule ndogo za kijamii za Kibera, Mathare, Mukuru au Kawangware, ambazo zimewabeba watoto wengi wa jiji hili pale ambapo serikali haikufika, anza na jengo kabla ya walimu. Septemba 2019 darasa la ghorofani liliporomoka katika shule moja Ng'ando, Dagoretti, na watoto wakafa. Kagua nguzo na ngazi, na uone kama kuna mlango wa pili wa kutokea.

Hatua ya 5: Pesa

JSS ya umma ya kutwa haina karo. Mgao wa serikali ni shilingi 15,042 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, unaotumwa kwa mafungu ya asilimia 50, 30 na 20 kwa mihula mitatu. Fungu hilo huchelewa mara nyingi, na likichelewa shule huwageukia wazazi. Ndiyo maana unahitaji kuijua sheria kabla ya kuingia ofisini. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza ada ya kujiunga na shule. Michango mingine inaruhusiwa ikiwa imeidhinishwa na waziri kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na hata hapo mtoto hawezi kufukuzwa kwa kutolipa. Tena hakuna mtu wa kupokea mchango bila kutoa risiti rasmi.

Omba orodha ya michango yote ya mwaka uliopita, ikiwa na chakula, mitihani ya majaribio, mshahara wa walimu wa bodi, na ile inayoitwa motisha. Linganisha jumla ya mwaka kati ya shule na shule, ukiongeza nauli na sare. Hapo ndipo shule ya "bure" iliyo mbali inaweza kukutoa pesa nyingi kuliko unavyodhani. Ukiombwa pesa ya kushikiwa nafasi kwa simu ya mtu binafsi, usitume.

Kuhusu chakula, mpango wa kaunti wa Dishi na County ulioanza 2023 huuza sahani kwa shilingi 5, mtoto akigusisha bangili yake mkononi. Uliza shule unayoipima kama imo na kama Gredi ya 7 hadi 9 wanahudumiwa. Kwa familia yenye watoto watatu, jibu la swali hilo linaweza kuamua mambo.

Hatua ya 6: Mtoto mwenyewe

Mwulize. Ana miaka 12 na anajua mambo usiyoyajua: mwalimu anayechapa ingawa sheria inakataza, kundi linalowanyang'anya wadogo pesa nyuma ya vyoo, somo analolipenda kwa sababu ya mtu anayelifundisha. Hana kauli ya mwisho, lakini neno lake lina uzito. Mtoto aliyesoma na wenzake tangu Gredi ya 1 akihamishwa Gredi ya 7 hupoteza kitu, na muhula mzima unaweza kuisha kabla hajainua mkono darasani.

Kwa mtoto mwenye mahitaji maalum, usihamie shule kwa ahadi ya mdomo. Mpeleke kwanza apimwe na wataalamu wa tathmini ya elimu maalum. Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, iko Kasarani. Enda shuleni ukiwa na ripoti mkononi, na uombe kuonana na mwalimu atakayemshughulikia, kwa jina.

Hatua ya 7: Kubaki au kuhama

Kwa maoni yangu, baki isipokuwa una sababu mbili nzito. Moja haitoshi. Msongamano peke yake si sababu ya kuhama ikiwa walimu wa Hisabati na Sayansi wapo na madaftari yanasahihishwa, maana shule unayoikimbilia nayo itajaa mwakani. Lakini msongamano pamoja na upungufu wa walimu ni sababu. Walimu wapo lakini mtoto ananyanyaswa na ofisi imeziba masikio, hiyo pia ni sababu.

Ukihama, hama kabla ya Gredi ya 7 kuanza. Kuhama Gredi ya 8 kunawezekana ila tathmini za shuleni zinakatika katikati. Gredi ya 9 usihame ila kwa dharura, kwa kuwa wanafunzi husajiliwa kwa KJSEA katika shule walipo mapema mwaka huo.

Hatua ya 8: Karatasi

Vitu vya kubeba ni cheti cha kuzaliwa, nambari ya UPI inayomtambulisha mtoto katika mfumo wa wizara, nambari yake ya tathmini ya KNEC, baraza la mitihani, aliyopewa tangu Gredi ya 3, ripoti ya KPSEA, ripoti za mihula ya Gredi ya 6, na barua ya kuhama kutoka shule ya zamani. Cheti cha kuzaliwa kikikosekana, anza leo kupitia eCitizen. Hicho ndicho hukwamisha watoto wengi, hasa wanaotoka shule ndogo za mitaani ambazo hazikuwaingiza kwenye mfumo.

Utaratibu ni huu: shule mpya inakupa barua ya kukubali, shule ya zamani inamwachilia mtoto kwenye mfumo, kisha shule mpya inamchukua. Usiondoke shule ya zamani kabla ya kupata barua ya kukubaliwa yenye muhuri.

Ukiambiwa hakuna nafasi

Kwanza tofautisha. Darasa lililojaa ni jambo la kweli, na mwalimu mkuu anayekuonyesha darasa lenye watoto 90 si adui yako. Lakini sheria hairuhusu shule ya umma kumbagua mtoto kwa kabila, dini, jinsia au ulemavu, wala kumpa mtihani wa kumkubali au kumkataa. Mtihani unaruhusiwa tu kujua ngazi inayomfaa. Ukiona watoto wenye alama za juu wakipokelewa huku wako anaambiwa darasa limejaa, una haki ya kuuliza.

Omba jibu kwa maandishi, kwa upole. Lichukue hadi ofisi ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo yako. Ofisi hiyo ina takwimu za wanafunzi wa kila shule ya umma katika eneo lake, kwa hiyo usiende kulalamika tu. Uliza swali lenye faida: "Ni shule gani za umma katika kaunti ndogo hii zenye Gredi ya 7 isiyojaa, na zina walimu wangapi wa JSS?" Jibu litakupa majina ambayo hukuyafikiria. Yapitishe kwenye hatua ya 3 na ya 4 kama ulivyofanya kwa mengine.

Baada ya kuingia

Wiki ya tatu ya muhula, mwombe mtoto akunakilie ratiba ya darasa na aweke alama kwenye kila kipindi ambacho mwalimu hakufika wiki hiyo. Ukipata alama nyingi kwenye somo moja, nenda kwa mwalimu wa darasa kwanza, kisha kwa naibu, na baadaye ulipeleke kwenye chama cha wazazi, ambacho kipo kisheria na ambacho wewe sasa ni mwanachama wake. Wazazi watano wenye ratiba tano zenye alama zilezile husikilizwa haraka kuliko mmoja anayepaza sauti.

Kabla ya muhula wa kwanza kwisha, mwombe mwalimu wa darasa akuonyeshe jina la mtoto wako kwenye orodha ya shule mpya, katika mfumo wa wizara na katika tovuti ya KNEC pia. Hakikisha herufi za jina zinalingana na cheti cha kuzaliwa na kwamba nambari ya tathmini ni ileile ya zamani. Kosa hapo ni rahisi kurekebisha Gredi ya 7. Likigunduliwa Gredi ya 9 wakati wa usajili, utapanga foleni ofisini huku wenzake wakiendelea kusoma.